Diski Kubwa za Kinyozi

"Nyumbani kwangu hakuna kinachopotea! Hata chafya ya mtoto ipo!"

Kinyozi aliyasema hayo mbele ya mtaa mzima, kwenye kikao kilichoitwa kujadili wizi wa madirishani, akiwa amesimama juu ya kiti ambacho hakuna aliyemwomba akipande. Muuza vyombo alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kusimulia jinsi simu yake ilivyochomolewa dirishani ikiwa na picha zote za harusi ya mwanawe, na watu walikuwa katikati ya kumpa pole. Mwenye busara angetoa pole na yeye, akakaa. Kinyozi akatoa somo.

"Dada yangu, pole, lakini huo ni uzembe. Mtu anabebaje mayai kwenye mfuko wa suruali? Kwangu mimi kuna mashine. Kila kitu kinaandikwa mara mbili. Mwizi achukue simu, achukue televisheni, akitaka anichukue na mimi. Kumbukumbu zinabaki."

"Akikuchukua wewe atakurudisha kabla hajafika kona," sauti ikasema kutoka nyuma. "Nani atauweza mdomo huo?"

Watu wakacheka, na Kinyozi akacheka kuliko wote. Alikuwa mtu wa namna hiyo: mcheke, mseme, mpige vijembe, ilimradi macho yote yako kwake. Dukani kwake palikuwa na viti viwili, vioo vinne na maoni yasiyohesabika. Ukikaa kunyolewa ulipata na hotuba ya bure kuhusu mpira, figo na malezi ya watoto. Nusu ya vichwa vya mtaa ule viliwahi kutoka pale upande mmoja ukiwa mrefu kuliko mwingine, kwa sababu hoja ilinoga kuliko kazi.

Mashine aliyojivunia kikaoni haikuwa ya kunyolea. Ilikuwa sanduku jeusi, kubwa kidogo kuliko tofali, lililokaa kwenye kona ya sebule chini ya televisheni. Alilinunua kwenye ofisi ya wahasibu iliyokuwa ikifungwa, siku walipouza hadi mapazia. Ndani yake mlikuwa na diski mbili zimesimama bega kwa bega, na kazi yao haikuwa na fumbo: kilichoandikwa kwenye moja kiliandikwa na kwenye mwenzake, ili moja ikifa nyingine ibaki na kila kitu. Waya ulitoka hapo ukaingia kwenye kifaa cha intaneti, na kutoka hapo kila simu ya nyumba ile, na televisheni yenyewe, iliweza kuweka vitu ndani ya sanduku na kuvitoa bila mtu kuligusa.

Familia ililiita Shangazi. Lilikaa kona, lilinguruma bila sababu, na lilijua siri za kila mtu.

Aliyelipa jina hilo alikuwa binti yao, na yeye mwenyewe mtaani alikuwa na lake: Kengele. Hakujua kunong'ona. Akikupa siri, jirani wa nyumba ya tatu ndiye aliyejibu. Sauti yake ilimfunika kaka yake hata kwenye jina la mama yao, kwani mama aliyemzaa mtoto wa kiume kwanza, na kwa haki angeitwa kwa mtoto huyo, mtaa mzima ulimwita Mama Kengele. Kaka mtu hakulalamika. Yeye aliitwa Meneja tangu angali mdogo, kwa kipaji chake cha kuwatuma wengine maji akiwa amelala.

Kengele alikwenda kusomea uuguzi mbali na nyumbani, na kutoka huko alimtumia mama yake ujumbe wa sauti. Si ule wa "nimefika salama". Ujumbe wa Kengele ulihitaji kuvuta kiti. Alieleza nani kagombana na nani bwenini, mwalimu gani anatembea kama ana kokoto kwenye kiatu, na bei ya sabuni. Simu ya Mama Kengele ilijaa ikagoma kupokea hata salamu, na hiyo ndiyo sababu Kinyozi alilinunua sanduku. Vitu vya kwanza kabisa kuingia ndani ya Shangazi, kabla ya picha yoyote wala filamu yoyote, vilikuwa sauti za Kengele.

Katika mwaka wake wa mwisho wa masomo, homa iliyoanza kama mchezo ilimmaliza kabla ndugu zake hawajapata nauli ya kumfuata. Aliletwa nyumbani kimya, yeye ambaye hakuwahi kuingia nyumba ile kimya.

Tangu hapo, kila jioni Mama Kengele alipotoa meza ya kupigia pasi, aliwasha televisheni, akaingia kwenye Shangazi na kucheza ujumbe mmoja. Siku zote ule ule. Ndani yake Kengele anasimulia sindano yake ya kwanza. Anasema: "Mama, kaa chini kwanza." Anasema jinsi alivyomshika mgonjwa mmoja mzee mkono, sindano ikicheza hewani kama ina pepo, mpaka mgonjwa akamuuliza, "Binti, anayeumwa hapa ni mimi au ni wewe?" Halafu anacheka kile kicheko chake cha kuvunja vyungu, anaaga, na anaiweka simu chini.

Ila hakuzima. Alidhani amezima. Ujumbe unaendelea, na kwa muda mrefu unamsikia akifagia chumba chake. Ufagio unakwenda na kurudi. Ndoo inasogezwa. Anaimba wimbo kwa sauti isiyo yake wala ya mwenye wimbo. Anasimama, anajiuliza, "Sasa mimi nilikuwa natafuta nini?" Kisha ufagio tena, unasogea mbali, unasogea karibu, mpaka simu inachoka yenyewe.

Sehemu hiyo ndiyo Mama Kengele aliyoisikiliza akipiga pasi. Maneno aliyajua. Ule ufagio ulimfanya mtoto awe chumba cha pili. Mtu akipita sebuleni angeapa kuna binti anafagia nyuma ya ukuta na mama yake ananyoosha mashati, nyumba yenye amani tu, kila mtu na kazi yake. Kinyozi, ambaye hakuna hotuba iliyomshinda, jioni hizo alikaa nje barazani mpaka ufagio uishe.

Basi nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake wa kila Jumapili, na wao waliuita kukamua. Baada ya chakula cha mchana simu zote ziliwekwa mezani: ya baba, ya mama, ya Meneja na ya mkewe. Kila picha, kila video, kila sauti ilihamishiwa kwa Shangazi. Kitu kikishafika, kinafutwa kwenye simu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Kinyozi. "Simu ni ndoo," alisema, "Shangazi ni pipa. Nani anaacha maji kwenye ndoo?" Hata simu aliyoiacha Kengele ilikamuliwa, ikafutwa, ikapewa mke wa Meneja.

Pipa likajaa. Mke wa Meneja alijifungua mtoto wa kiume, mnene, wakamwita Bonge, na kwa mwezi wake wa kwanza Bonge alipigwa video nyingi kuliko zilizopigwa ukoo mzima tangu uanze. Bonge analala. Bonge anapiga miayo. Bonge analala tena, kutoka upande wa pili. Ukiwasha televisheni, maandishi mekundu yalisema nafasi imekaribia kwisha.

"Baba, futa zile filamu za mieleka," Meneja alisema. "Zimejaa nusu ya sanduku."

"Mimi sifuti kitu."

"Baba, mieleka ya watu waliokwisha kustaafu!"

"Leo nikifuta mieleka, kesho mama yako atafuta nini? Nyumba hii haifuti. Nyumba hii inaongeza."

Diski za Shangazi zilikuwa za tera mbili kila moja. Tera ni kipimo cha nafasi tu, kama debe ni kipimo cha mahindi. Kinyozi akaenda duka la kompyuta kutafuta za tera nane. Muuzaji, dada mwenye miwani iliyoning'inia kwenye mnyororo, alimuuliza ni sanduku la aina gani na la zamani kiasi gani. Kinyozi akamwonyesha picha kwenye simu.

"Mzee, haya ya zamani mengine hayawezi kuvuka tera mbili. Uliza kwanza."

"Dada, sanduku hili nalijua. Nalifungua na kulifunga kama mdomo wangu."

"Hapo ndipo ninapopata wasiwasi," dada akasema. "Mdomo wako tangu uingie sijauona ukifungwa."

Kinyozi alicheka, akalipa, akaondoka na diski mbili nzito ndani ya vifuko vya kung'aa. Meneja naye alikuwa amesoma mtandaoni na alimngoja mlangoni na simu mkononi.

"Baba, watu wanasema aina hii haizipokei kubwa."

"Watu gani hao?"

"Wa mtandaoni."

"Nimewahi kuwanyoa?"

Kazi yenyewe aliifanya vizuri, lazima mtu aseme ukweli. Alichomoa diski moja ndogo akaweka kubwa mahali pake, akaacha Shangazi ainakili kutoka kwa ile iliyobaki. Taa ilipepesa mchana kutwa na hakuna aliyeruhusiwa hata kufagia karibu. Taa ilipotulia, akafanya vivyo hivyo upande wa pili. Ilipotulia tena, akabonyeza sehemu ya kupanua nafasi, na Shangazi, bila ubishi, akaandika kwenye televisheni: tera nane.

"Haya!" Kinyozi akaipiga picha televisheni yenyewe. "Mashine imesema. Sasa hao wa mtandaoni waje wabishane na mashine."

Mama Kengele hakujali tera. Alichukua rimoti, akautafuta ujumbe wake, akasikiliza mpaka ufagio ulipoanza. Ulipoanza, akashusha pumzi na kwenda kuchemsha chai. Ile picha ya televisheni ilichapishwa, ikabandikwa dukani kwenye kioo cha tatu, na kila aliyekaa kitini alielezwa.

Zikabaki zile diski ndogo mbili.

"Ziweke kabatini," Meneja alisema. "Mwaka mmoja tu. Kila kitu kimo humo."

"Kitu kisichokata hakikai dukani kwangu."

"Hapa si dukani, baba."

Yuko mtu katika mtaa ule anayeitwa Mzee wa Filamu, mwenye kibanda chenye televisheni tatu na feni moja, anayewajazia watu filamu kwenye diski na vijiti vyao vya flashi. Yeye alizitaka. Kinyozi alikubali, lakini hakuzitoa hivi hivi. Dukani hakuwahi kupitisha mashine kutoka kichwa hadi kichwa bila kuisafisha, na fikra kwamba sauti ya mwanawe ingechezwa kwa bahati mbaya kibandani, mbele ya watu wanaosubiri filamu ya ngumi, wakicheka mahali pasipostahili, ilimchoma. Hivyo hakufuta kama watu wengi wanavyofuta, kwa kubonyeza mara moja na kuondoka. Alizichomeka kwenye kompyuta ya Meneja, akaziandikia sifuri kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudia tena kutoka mwanzo hadi mwisho. Alikaa nazo kama anavyokaa mtu na mgonjwa. Alipomaliza, hakuna mganga wala mwizi ambaye angetoa humo hata herufi.

Hilo alilifanya peke yake, na hakumwambia mkewe. Si kwamba alimficha. Aliona ni jambo dogo.

Miezi ikapita vizuri. Bonge akajua kukaa. Bonge akajua kutambaa, akatambaa moja kwa moja mpaka kwa Shangazi na kujaribu kuulamba waya, na hilo nalo likapigwa video. Kila Jumapili walikamua. Sanduku likameza yote na halikuguna.

Jioni moja Mama Kengele alitoa meza ya pasi, akawasha televisheni. "Mama, kaa chini kwanza," Kengele akasema. Akafika kwa mzee na sindano. Akacheka. Akaaga. Halafu, mahali pa ufagio, ikatoka kelele kama bati linaloburuzwa kwenye sakafu, picha ya televisheni ikaganda, ikawa nyeusi.

"Baba watoto!" aliita. Kinyozi alikuwa barazani kama kawaida. "Njoo uangalie Shangazi amepatwa na nini."

Alizima, akawasha. Ujumbe haukufunguka tena hata maneno yake ya mwanzo. Akafungua mwingine: bati. Mwingine: kimya. Akazima tena, akangoja, akalipiga sanduku ubavuni kofi dogo la upole, kama anayemwamsha mgeni. Shangazi alipowaka safari ile aliandika kwamba hakuna diski zenye kitu ndani yake, na akauliza kama wangependa kuanza upya.

"Usibonyeze," Mama Kengele alisema.

"Sibonyezi."

"Toa mkono wako hapo kabisa."

Akautoa.

Fundi waliyempelekea alikuwa mwanamke wa makamo anayeitwa Daktari, kwa sababu alifanya kazi na glovu na hakumpa mtu tumaini kabla ya vipimo. Alizikalia zile diski kubwa siku kadhaa. Walipoitwa, Kinyozi na mkewe walikaa upande mmoja wa meza na Daktari upande wa pili.

"Diski ni nzima," alisema. "Zote mbili. Tatizo ni sanduku."

"Sanduku lilisema tera nane," Kinyozi akasema. "Nina picha."

"Lilisema, ndiyo. Kutaja na kuhesabu ni vitu viwili. Mzee, chukua mtoto anayejua kuhesabu mpaka kumi tu. Mpe kitu cha kumi na moja. Atafanya nini? Atarudi moja. Sanduku lako linahesabu mpaka tera mbili. Mpaka hapo lilikuwa sawa. Mlipovuka, kila kipya mlichoweka lilikipeleka mwanzo, likaandika juu ya vya zamani. Likavuka tena kidogo, likaandika tena."

"Lakini ziko mbili," Kinyozi akasema. "Kila kitu kimo mara mbili."

"Ndiyo. Liliandika juu mara mbili. Halikosei hapo."

Mama Kengele aliuliza polepole, kama anayeuliza njia kwa mtu asiyemfahamu. "Vya mwanzo, ndivyo vipi?"

"Vilivyoingia kwanza, mama. Kabla ya vingine vyote."

"Na vilivyoandikwa juu yake?"

Daktari akatazama karatasi yake, ingawa alikuwa anajua. "Video za mtoto mdogo, kwa vipande vya picha vilivyobaki. Nyingi anatambaa. Nazo hazifunguki sasa, zimeharibika pamoja na za chini yake. Vilivyopona ni vya katikati. Kuna mieleka mingi sana, mama. Hiyo ni mizima kabisa."

Hakuna aliyecheka. Kinyozi aliuliza kama kuna namna, na Daktari akasema kitu kilichofutwa yeye huweza kukifukua, lakini kilichoandikwa juu hakifukuliki, ni kama kutafuta maandishi ya mchangani baada ya jembe kupita. Akasema pole. Hakuwatoza.

Nyumbani Mama Kengele alivua viatu, akaviweka pamoja ukutani, kisha akageuka na uso wa mtu aliyekumbuka kitu.

"Zile diski ndogo," alisema. "Za zamani. Si ndizo ulizochomoa? Kila kitu kilikuwemo. Ziko wapi?"

Kinyozi alivua na yeye viatu vyake, akavipanga kando ya vya mkewe.

"Baba watoto. Ziko wapi?"

"Niliziuza."

"Kwa nani? Twende tukazichukue. Hata kama ameuza tena tutamfuata huyo aliyenunua." Alikuwa ameshaanza kuvaa kiatu kimoja.

"Nilizifuta kwanza."

"Zote?"

"Zote."

"Daktari amesema kilichofutwa anaweza kukifukua."

"Si nilivyozifuta mimi."

Alibaki ameshika kiatu cha pili. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Kinyozi alikuwa ameshajikaza kwa ajili ya kelele.

"Kwa nini?"

"Ili watu wasimsikie," alisema.

Mama Kengele akaitikia kwa kichwa. "Sasa hawatamsikia," akasema, akaenda jikoni.

Meneja aliposikia hakusema nilikwambia. Alikuja na simu ya kila mtu na kuitafuta sauti ya dada yake kwa vidole vyake vikubwa, moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa imekamuliwa safi kama sheria ilivyosema. Alimpigia binti aliyelala na Kengele chumba kimoja chuoni. Huyo alikuwa na picha mbili, na katika moja Kengele amefumba macho. Sauti hakuwa nayo, alibadilisha simu mwaka ule ule. Mke wa Meneja alimbeba Bonge mgongoni na kutoka naye nje, wakakaa huko kutwa, maana mtoto yule hakuwa na kosa lolote na kila mtu aliogopa kumwangalia vibaya.

Dukani mteja mmoja mzee, ambaye alikuwa amelisikia jambo hilo nusunusu, alijaribu kufariji. "Ndugu yangu, ndiyo dunia. Si unajua, majuto ni mju—" Akakumbuka watu wanavyosema kuhusu video za Bonge, akameza neno lililobaki. Kinyozi akamnyoa, na kichwa kile kikatoka sawa pande zote mbili.

Ilikuwa siku ya Jumapili, baada ya chakula, saa ambayo zamani walikuwa wakikamua. Walikuwa wawili tu sebuleni. Mama Kengele alikuwa ametoa meza ya pasi kwa mazoea na kusimama mbele yake pasi ikiwa baridi.

"Alianzaje?" aliuliza.

Kinyozi alijua anauliza nini. "Alisema, mama, kaa chini kwanza."

"Halafu?"

"Halafu yule mzee. Amemshika mkono, anatetemeka. Mzee akamwambia, binti—"

"Alimwita mjukuu wangu."

"Alimwita binti, mama watoto."

"Mjukuu wangu. Mimi nilisikiliza kila siku. Wewe ulikuwa nje."

Kinyozi hakubisha. Hakuna wa kumuuliza sasa. Walikuwa watu wawili, kila mmoja na lake. Aliendelea: mgonjwa ni mimi au wewe, kicheko, haya mama baadaye, msalimie baba. Mkewe akarekebisha hapa na pale. Wakafika mwisho wa maneno, wakasimama.

"Maneno tutayaunganisha," Mama Kengele akasema. "Ufagio ndio siukumbuki. Nautafuta, haupo. Nasikia ufagio tu, wa mtu yeyote."

Kinyozi aliinuka. Alichukua ufagio nyuma ya mlango wa jikoni, akaingia chumba kilichokuwa cha binti yake, akaurudisha mlango nusu. Akaanza kufagia. Alijaribu kwenda taratibu. Alisogeza ndoo. Hakuthubutu kuimba. Alifagia kuelekea dirishani, akarudi kuelekea mlangoni, akitega sikio upande wa pili wa ukuta.

"Acha," mkewe akasema kutoka sebuleni.

Akaacha.

"Sivyo. Wewe unafagia nywele. Unakata vifupi vifupi, unasukuma." Sauti yake haikuwa na hasira. "Yeye alikuwa anavuta."

"Anavuta vipi? Nionyeshe."

"Sijui," Mama Kengele akasema. "Sijui, mume wangu. Ndiyo hiyo nakwambia, sijui."

Kinyozi alikaa mle chumbani na ufagio mapajani mpaka aliposikia meza ya pasi inakunjwa.

Kesho yake hakufungua duka. Alikwenda kibandani kwa Mzee wa Filamu, akamkuta anakula karanga chini ya feni.

"Aah, Fundi! Leo umekuja kuninyoa hapa hapa?"

"Zile diski nilizokuuzia. Unazo?"

"Moja imeondoka, amenunua mtu wa safari, hata sura simkumbuki. Moja ndiyo hii hapa, nafanyia kazi." Akaigonga kwa kidole, imelala mezani na waya wake. "Kwani vipi?"

Kinyozi akamwambia, kwa maneno machache kuliko yote aliyowahi kuyatumia katika kibanda kile. Mzee wa Filamu akaacha karanga. Alikuwa mtu mwema, na alitaka kutoa jambo jema.

"Nilipoipokea niliikagua," alisema. "Huwa nafukua, Fundi, sikufichi, watu huacha filamu nzuri humo. Yako ilikuwa nyeupe kabisa. Mwanzo hadi mwisho. Nikamwambia mke wangu, huyu kinyozi amefuta kitaalamu. Watu wengi hawajui kufuta."

"Nauliza kama unaiuza."

"Unajua hamna kitu humo? Cha kwako, namaanisha. Ni filamu zangu tu."

"Najua. Lakini mwanangu alikaa humo."

"Basi ngoja nikuondolee hizi filamu, uipate safi."

Akanyoosha mkono kwenye kompyuta. Kinyozi akamshika kifundo cha mkono, kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

"Usifute kitu," alisema.

Mzee wa Filamu akachomoa waya, akaizungushia diski gazeti, akaifunga mpira. Kinyozi akalipa: diski iliyotumika, tera mbili, pamoja na filamu zilizomo, elfu arobaini.